Frankie Knuckles Alivyonifundisha Kusubiri

Napiga muziki kwenye harusi, sendofu na sherehe za mitaani hapa Dar es Salaam. Kazi hii niliipokea kwa kaka yangu, aliyekuwa na disko vumbi kule Temeke wakati mimi ningali shule ya msingi. Nilianza kwa kubeba spika na kukunja nyaya, nikapanda taratibu mpaka nikakabidhiwa mitambo. Ninachotaka kukishuhudia hapa kinamhusu mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Alifariki Chicago tarehe 31 Machi 2014, akiwa na umri wa miaka 59, na jina lake nilikuja kulijua baadaye. Hata hivyo hakuna Jumamosi ninayosimama nyuma ya mitambo bila kufanya jambo nililolipata kwake.

Kwanza nieleze tulivyolelewa kikazi. Dijei wa kwetu husifiwa kwa kinywa na kwa kasi. Wimbo ukishika, anaukatiza kabla ya ubeti wa pili ili alete mwingine. Anaongea juu ya muziki, anataja majina ya waliokuja kutunza, anamwinua mjomba wa bwana harusi kitini, anapiga king'ora, anarudisha kiitikio mara tatu. Ukumbi ukipoa kidogo anakimbilia kibao kinachovuma redioni wiki hiyo. Ni ustadi halali, nauheshimu mpaka leo, na wapo mabingwa wake ambao nikipata nafasi naenda kuwasikiliza. Watu walinipenda kwa ustadi huo, na sikuwa na sababu ya kutafuta mwingine.

Mabadiliko yalikuja kwa sababu ya spika za besi. Ukumbi mmoja niliokuwa nikifanyia kazi ulimleta fundi mitambo kutoka Afrika Kusini, mtu mzima, mpole, aje kupanga upya spika zilizokuwa zikinguruma bila kueleweka. Ilikuwa mchana, viti vimepangwa ukutani, wanawake wanapamba jukwaa. Alichomeka flashi yake na kuachia muziki wa kujaribia. Mdundo mmoja, mzito, uliopigwa sawasawa, kila hesabu na pigo lake. Nikasubiri wimbo uanze. Kikaingia kinanda, kikatoka, ikaingia sauti ya mtu, ikakaa kidogo, ikaondoka, mdundo palepale. Nilipotazama saa nikagundua kwamba nimesimama pale muda mrefu na bado nasubiri, na kwamba mguu wangu ulikuwa unacheza peke yake. Wale mama wa mapambo nao walikuwa wanakata vitambaa kwa mdundo uleule, bila mmoja wao kuwa ameamua kufanya hivyo.

Nikamwuliza ni muziki gani. Akasema ni house, akanieleza kwamba kwao Soweto karibu kila kinachochezwa kimepita mlango huo: kwaito ya miaka ya 1990 ilikuwa house iliyopunguzwa mwendo na kutiwa maneno ya mitaani, na watoto wa kaka yake sasa walikuwa wanatengeneza kitu kipya kutoka humohumo. Kitu hicho kipya baadaye tulikifahamu sote kwa jina la amapiano, kikaingia mpaka kwenye bongofleva. Halafu akaniambia kwamba house yenyewe ilitoka kwenye jengo moja Chicago, mikononi mwa mtu mmoja, Frankie Knuckles. Aliponiachia rekodi zile alinipa sharti moja tu: nisikilize mpaka mwisho, nisirushe.

Nikazisikiliza usiku, nikarudi kutoka kazini nikazisikiliza tena. Kisha nikaanza kumtafuta mtu mwenyewe katika maandishi, mahojiano na filamu, na kadiri nilivyomjua ndivyo nilivyomwona kama mtu wa ukoo wangu.

Alizaliwa Bronx, New York, tarehe 18 Januari 1955. Jina lake la nyumbani lilikuwa Francis Nicholls. Ujanani alisomea usanifu wa vitambaa, na rafiki yake mkubwa alikuwa Larry Levan, kijana wa Brooklyn. Wawili hao walianzia chini kabisa kwenye klabu ya Nicky Siano iliyoitwa The Gallery, wakipuliza maputo na kupamba ukumbi kabla watu hawajafika. Hapo nilisimama kidogo niliposoma. Kila dijei mzuri ninayemjua alianza kwa kubeba kitu. Baadaye wote wawili walipiga santuri Continental Baths, bafu kubwa la umma lililokuwa chini ya hoteli ya Ansonia, mahali walipokusanyika wanaume wanaopenda wanaume wenzao na ambapo Bette Midler aliimba kabla dunia haijamjua.

Mwaka 1977 bwana mmoja kutoka New York, Robert Williams, alikuwa ameanzisha sherehe zake Chicago na akahitaji dijei. Alimtaka Levan kwanza. Levan akakataa, akabaki New York, ambako Paradise Garage ya King Street ingempa ufalme wake kwa miaka kumi. Basi akaenda Frankie. Jengo lilikuwa nambari 206 South Jefferson Street, ghorofa tatu, katika eneo la viwanda ambalo usiku halikuwa na watu. Waliokuja wakaliita Warehouse. Duka la santuri la Importes Etc. likaanza kuweka alama kwenye santuri zilizopigwa pale ili wateja wazipate kwa urahisi, na kutoka kwenye jina hilo la jengo, kama wengi wanavyosimulia, ndipo muziki ukaitwa house.

Nani walikuwa wakicheza humo? Naandika hili waziwazi, kwa sababu historia hii haisimuliki bila wao. Wengi walikuwa vijana Weusi na Walatino wanaopenda wa jinsia yao. Kwenye kumbi za wengine rangi yao iliwazuia mlangoni. Kwenye nyumba na makanisa yao walikataliwa kwa jinsi walivyo. Walikuwa wanafika Jumamosi usiku wa manane na kutoka Jumapili jua limeshapanda. Pombe haikuuzwa. Kulikuwa na maji, juisi, joto la miili, na kijana wa miaka ishirini na kitu aliyejua kwamba baadhi ya waliokuwa mbele yake hawakuwa na mahali pengine pa kuwa wenyewe wiki nzima. Frankie alikuwa akisema kwamba pale palikuwa kanisa la watoto walioanguka kutoka kwenye neema. Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa, na neno hilo sikulipita haraka. Najua Jumapili inavyoweza kumwokoa mtu. Najua pia jinsi mtu anavyokaa benchi la nyuma kabisa akingoja kuona kama atasalimiwa.

Wapo wazee waliowahi kuniuliza kwa nini nawasifu watu wa namna hiyo. Huwa nawajibu kwa heshima zote: shikamoo mzee, ngoma tuliyocheza jana kwenye harusi ya mwanao waliianzisha wao.

Kisha ikaja tarehe 12 Julai 1979. Katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mjini humohumo Chicago, mtangazaji mmoja wa redio ya roki aliwaita watu waje na santuri ya disko na senti 98, waingie uwanjani, na katikati ya mechi mbili za jioni ile santuri zikalipuliwa kwa baruti. Watu wapatao elfu hamsini walikuwepo. Maelfu wakamwagika uwanjani, mechi ya pili ikashindikana, timu ya nyumbani ikahesabiwa kuwa imeshindwa. Vince Lawrence, kijana Mweusi aliyekuwa akionyesha watazamaji viti siku ile, na ambaye baadaye alishiriki kutunga moja ya nyimbo za kwanza kabisa za house, amesimulia mara nyingi alichokiona: santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa disko hata kidogo. Zilikuwa tu za wanamuziki Weusi.

Baada ya hapo kampuni za santuri zilikimbia disko. Nyimbo mpya za kuchezwa zikapungua, na hapa ndipo penye kiini cha ushuhuda wangu. Frankie hakuwa na vibao vipya vya kukimbilia. Alichokuwa nacho ni zile za zamani, za Philadelphia na za kampuni ya Salsoul, na vipande vya muziki wa mashine kutoka Ulaya, na watu walewale waliotaka kucheza mpaka asubuhi. Akachukua kanda za magurudumu, akawa anazikata kwa wembe na kuziunganisha kwa utepe. Pale ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake kwa sekunde chache, alipafanya dakika. Aliurudia mdundo mpaka ukawa nyumba ya kukaa, halafu akachagua kwa uangalifu ni lini sauti ya mwimbaji ifunguliwe mlango. Kuna usiku alizima taa zote na kuachia sauti ya treni la mwendo kasi ikipita gizani kutoka spika za upande huu hadi za upande ule, na watu wakapiga mayowe. Alipoondoka Warehouse mwishoni mwa 1982, baada ya mwenye klabu kupandisha kiingilio maradufu, alifungua yake, Power Plant, na huko akaweka chini ya nyimbo hizo mashine ya ngoma ya Roland TR-909 aliyouziwa na Derrick May, kijana wa Detroit. Upande wa pili wa mji Williams akafungua Music Box na kumweka Ron Hardy, aliyekuwa mkali na mwenye kasi kuliko Frankie, na vijana wakawa wanakwenda huku na huku wakijifunza kwa wote wawili.

Kilichofuata wengi wanakijua. Mwaka 1984 Jesse Saunders alitoa "On and On", vijana wa Chicago wakaanza kutengeneza santuri vyumbani mwao, na Januari 1987 "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley ikashika namba moja Uingereza. Kuanzia hapo dunia nzima ikaingia.

Mimi narudi kwenye ule wembe. Nilipoelewa alichokuwa akikifanya, nilikumbuka vijana wa Manzese na Tandale. Watu wa pwani tunaijua taarabu ya kisasa: mwimbaji akimaliza kutupa maneno yake, kinanda na gitaa vinabaki vikizunguka, na hapo ndipo akina mama wanapoinuka kweli, kiuno kinaanza kazi. Madijei wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, walichukua kipande hicho hicho, wakakizungusha, wakakikimbiza mpaka kikawa na kasi ya kutisha, vijana wakaghani juu yake, na ndivyo singeli ilivyozaliwa. Hakuna aliyewafundisha kutoka Marekani. Walikuwa na kompyuta kuukuu, mtaa uliojaa watu, na sherehe isiyotakiwa kuisha. Singeli inakimbia mara mbili ya house, lakini wazo ni lilelile: tafuta pale mwili unapoamka ndani ya wimbo, kisha usipaache. Nilikuwa nimelisikia wazo hilo miaka yote mtaani kwetu, na ilibidi lije kwa njia ya Chicago na Soweto ndipo nikalitia akilini kama elimu.

Nikaanza kufanyia kazi. Mara ya kwanza ilikuwa sherehe ya jirani, watu ninaowafahamu, nikaona hapo naweza kujaribu. Niliacha maikrofoni mezani. Wimbo ulioshika niliuacha ukae, na ulipofika sehemu ya ngoma tupu nikauzungusha, nikapunguza sauti nyembamba, nikabakiza besi. Dakika za mwanzo zilinitia hofu. Mtu aliyezoea kusema kila wakati anasikia kimya chake mwenyewe kikimpigia kelele. Wachache wakaniangalia kwa macho ya kuuliza kama mitambo imeharibika. Nikazuia mkono. Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona nikiwa na maikrofoni, kwa kuwa macho yangu siku zote yalikuwa kwa waliokuja mbele na noti mkononi. Nikawaona waliokaa ukutani.

Ukumbi una watu wake wa mbele, nao hawana shida. Watacheza hata ukipiga tangazo la biashara. Ukutani kuna wengine. Kuna bibi ambaye hajui wimbo hata mmoja wa miaka hii lakini anagonga kidole kwenye mkono wa kiti. Kuna binti wa kazi aliyeletwa kumshika mtoto. Kuna kijana aliyevaa suti ya kuazima anayeogopa kuonekana. Wimbo ukikatwa kila dakika, watu hawa hawapati muda wa kuamua. Mwili wao unahitaji kwanza kuuamini mdundo kwamba hautaondoka. Wimbo ukikaa, kidole kinakuwa bega, bega linakuwa mguu, na katikati ya kitu kisichobadilika bibi anasimama. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa naweza kukuonyesha ni nani atasimama na kwa mpangilio upi. Frankie alikuwa akipiga usiku mzima kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kwake ukuta ulikuwa ukumbi wote.

Hapa ndipo ninapomsikitikia, na ninapomshukuru. Watu aliowachezesha walikufa kwa wingi katika miaka ya UKIMWI, vijana kwa vijana, huku Serikali yao ikichelewa kuutaja ugonjwa wenyewe. Larry Levan alifariki Novemba 1992, akiwa na umri wa miaka 38, moyo ukiwa umedhoofika. Frankie aliendelea. Alirudi New York akatengeneza nyimbo na David Morales, akatoa "The Whistle Song" mwaka 1991, kibao kilichojaa filimbi ya furaha nyepesi ambacho nakipiga kwenye harusi mchana, wageni wakiwa wanaingia, na hakuna aliyewahi kukilalamikia. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Grammy ya mchanganyaji bora, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwaka 2004 jiji la Chicago likaipa jina lake sehemu ya Jefferson Street, na miongoni mwa walioisukuma hoja hiyo alikuwemo seneta wa jimbo aliyeitwa Barack Obama. Kisukari kilimla polepole. Mwaka 2008 alikatwa mguu, akarudi kwenye mitambo akapiga akiwa amekaa inapobidi. Kisukari nakifahamu, ndicho kilichomchukua baba yangu, na naijua nguvu anayoitumia mtu wa hali hiyo kusimama hata dakika kumi.

Santuri zake, maelfu kwa maelfu, zimehifadhiwa kusini mwa Chicago katika jengo la Stony Island Arts Bank, benki ya zamani iliyokombolewa isibomolewe. Jengo la Jefferson nalo lilikuwa hatarini, na mwaka 2023 baraza la jiji likalitangaza kuwa urithi wa kulindwa. Huwa nawaza kumbi zetu za hapa zilizobomolewa bila hata picha kupigwa, mahali ambapo dansi la bendi za Msondo na Sikinde lilikesha, na naona kwamba sisi tumechelewa. Tuna kumbukumbu nyingi vichwani mwa watu wazima na karibu hakuna iliyoandikwa. Kaka yangu ana madaftari ya nyimbo alizopiga kwenye disko vumbi, yenye alama za nyimbo zilizowainua watu na zilizowakalisha. Nimeanza kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Jambo la mwisho ni la wapishi. Kwenye harusi zetu akina mama wanaopika hufika alfajiri na masufuria yao, wanakoroga pilau nyuma ya ukumbi mpaka usiku, na muziki wote wanausikia kupitia ukutani. Usiku mmoja, wageni wa heshima wakiwa wameshaondoka, niliwafuata jikoni nikamwambia mkubwa wao, "Mama, njooni mcheze, muziki upo." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Sisi tuko kazini, mwanangu." Nikarudi nikachukua taarabu ya zamani niliyojua kwamba anaifahamu, nikaizungusha pale kinanda kinapozunguka, nikafungua mlango wa nyuma, nikaacha. Sikuita mtu tena. Ilichukua muda. Wakaja na kanga zenye masizi, mmoja akiwa bado na mwiko mkononi, wakacheza kwa namna ambayo wageni wa mbele hawakuwa wameicheza usiku mzima. Baba wa bwana harusi alinikunjia uso, akitaka ukumbi ufungwe. Nikamwomba kwa adabu anivumilie.

Tangu hapo, mtu akija kunikodi, namwambia kabisa kabla hatujaongea malipo: nusu saa ya mwisho ni ya wapishi, walinzi, wapambaji na waliobeba viti, na muda huo sitoi maikrofoni kwa mtu yeyote wala sipokei ombi la wimbo. Wengi wanakubali. Asiyekubali nampa namba ya dijei mwingine mzuri, na mjini hapa wapo wengi.